Moyo unapokataa mbio: kuacha mchezo unaopenda

Tarehe 17 Machi 2012, mangaribi, ku uwanja wa White Hart Lane mjini London, kijana mmoja alianguka chini kifudifudi. Hakuna mtu aliyemgusa. Mupira ulikuwa mbali naye. Ilikuwa robo fainali ya kombe la FA, Tottenham na Bolton, goli moja kwa moja, na kipindi cha kwanza kilikuwa karibu kuisha. Yule kijana alikuwa Fabrice Muamba, mchezaji wa Bolton, mtoto wa Kinshasa. Alikuwa na miaka 23.

Moyo wake ulisimama kwa dakika 78. Alipona. Lakini miezi mitano nyuma yake alitangaza kwamba hatacheza tena. Habari yake wengi wanaijua kama muujiza wa mtu aliyefufuka. Sehemu ya pili, ya mtu mzima wa miguu na mwenye nguvu ambaye anaambiwa aache kitu anachokipenda kuliko vyote, watu hawaizungumzi sana. Na ile sehemu ya pili njo inayofika hata kwetu Mulongo, maana hapa pia kuko vijana ambao moyo unawaletea shida, na wengi wanaficha.

Muamba ni nani

Fabrice Muamba alizaliwa Kinshasa tarehe 6 Aprili 1988. Baba yake alikimbia inchi mwaka wa 1994, na jamaa ikamfuata Uingereza mwaka wa 1999. Mtoto alikuwa na miaka 11 na hakujua Kiingereza. Mupira njo uliomfungulia mlango. Aliingia shule ya mupira ya Arsenal, kisha akacheza Birmingham City, na mwaka wa 2008 akaenda Bolton Wanderers. Alichezea hata ekipe ya Uingereza ya vijana wa chini ya miaka 21.

Kazi yake uwanjani ilikuwa ya katikati, ile kazi ya kukimbia bila kupumzika: kunyang'anya mupira, kurudi nyuma, kwenda mbele tena. Watu walimjua juu ya mapafu yake. Njo maana siku ile alipoanguka hakuna aliyefikiri moyo. Mtu anayekimbia vile, moyo wake si ni mzima?

Munganga wa ekipe, Jonathan Tobin, na wenzake walianza kumkandamiza kifua palepale kwenye majani. Munganga mwingine wa moyo, Andrew Deaner, alikuwa amekuja kutazama mechi kama mpenzi wa Tottenham. Alishuka kutoka viti vya watazamaji, akaenda nao mpaka hospitali. Masini ya kushtua moyo ilitumiwa mara nyingi, na kila mara moyo ulikataa. Mwamuzi, Howard Webb, alisimamisha mechi na haikuendelea. Kifua cha Muamba kilikandamizwa uwanjani, ndani ya ambulansi, na hospitalini, mpaka moyo ukaanza tena.

Alitoka hospitali tarehe 16 Aprili 2012. Alitaka kurudi uwanjani. Alisafiri mpaka Ubelgiji kuomba shauri la munganga mkubwa wa moyo, na jibu halikuwa lile alilotumainia. Tarehe 15 Agosti 2012, akiwa na miaka 24, alitangaza kwamba anaacha mupira.

Kwa nini moyo wa mwanamichezo unaweza kusimama

Moyo ni nyama inayojikamua yenyewe kama mara 60 hadi 100 kwa dakika kwa mtu mzima aliyepumzika. Unaongozwa na umeme wake wa ndani, na una milango minne inayofunguka na kufunga ili damu isirudi nyuma. Mtu akikimbia, akipanda kinga kwenye mlima au akipiga kafi kushindana na maji, moyo unaongeza mwendo mara mbili hata mara tatu. Kwa mtu mzima hii ni faida. Moyo wa mtu aliyezoea mbio unakuwa mkubwa kidogo, na akipumzika unapiga polepole. Huo si ugonjwa.

Shida inakuja pale ambapo kasoro ilikuwa imejificha. Kwa vijana, kuko namna tatu ambazo waganga wanazikuta mara nyingi.

Ya kwanza ni nyama ya moyo kuwa nene kupita kiasi. Mtu anazaliwa na mwelekeo huo, na mara nyingi unapita katika jamaa, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Ugonjwa huo njo uliomuua Marc-Vivien Foé wa Kameruni. Alianguka tarehe 26 Juni 2003 mjini Lyon, Ufaransa, dakika ya 72 ya nusu fainali ya kombe la mashirikisho dhidi ya Kolombia. Alikuwa na miaka 28. Nyuma ya kifo chake, FIFA ilianza kutaka wachezaji wapimwe moyo kabla ya mashindano makubwa, na kwa kombe la dunia la mwaka wa 2006 kipimo kile kilikuwapo.

Ya pili ni umeme wa moyo kuharibika. Nyama ni nzuri, milango ni mizuri, lakini mapigo yanapoteza utaratibu: moyo unatetemeka tu na damu haiendi.

Ya tatu inatuhusu sisi zaidi, na inaanza kwenye koo. Mtoto wa miaka kati ya 5 na 15 anaumwa koo juu ya mikrobi, hatunzwi vizuri, inapita. Wiki mbili tatu nyuma yake homa inarudi, viungo vinavimba: leo goti, kesho kiwiko. Wazazi wanasema ni malaria, ao wanasema mtoto anakua. Kumbe mwili wake unapigana, na katika vita hiyo unaumiza milango ya moyo. Ikijirudia mara kwa mara, milango inakuwa migumu ao haifungi tena. Yule mtoto atacheza mupira kama wengine, na ataanza kuchoka mbele yao akiwa na miaka 15 ao 20. Uchunguzi uliofanywa ku shule za Kinshasa na kutangazwa mwaka wa 1998 ulikuta watoto kama 14 kwa kila 1000 wana ugonjwa huo, na kwenye mitaa ya wamaskini walikuwa wengi zaidi.

Huo ugonjwa wa tatu unazuilika. Koo likitunzwa mapema kwa penisilini, moyo haufikiwi. Na kama homa ya viungo ilisha kufika, sindano ya penisilini ya muda mrefu, kila wiki tatu ao nne, kwa miaka mingi, inalinda milango isiendelee kuharibika. Ni dawa ya zamani, na bei yake haiwezi kulinganishwa na bei ya kupasua moyo.

Si kila moyo mgonjwa unafunga mchezo

Hapa watu wengi wanachanganya. Wanafikiri mtu akienda kupimwa, munganga atamwambia tu aache. Kwa hiyo wanaona ni afazali kutokwenda.

Mfano wa Nwankwo Kanu wa Nijeria unaonyesha kinyume. Mwaka wa 1996 alikuwa kapiteni wa Nijeria iliyochukua zahabu ku michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Alipohamia Inter ya Milan, waganga walimpima wakakuta mlango mmoja wa moyo haufanyi kazi vizuri. Mwezi wa Novemba mwaka uleule alipasuliwa huko Marekani. Wengi walisema mupira umekwisha kwake. Mwaka wa 1997 alirudi uwanjani, na mwaka wa 1999 akaenda Arsenal, ambako alicheza miaka mingi. Mwaka wa 2000 alianzisha shirika linalosaidia watoto wa Afrika wenye magonjwa ya moyo wapate kupasuliwa.

Kwa wengine jibu ni kuacha. Lilian Thuram, aliyechukua kombe la dunia na Ufaransa mwaka wa 1998, aliacha mwaka wa 2008 juu ya kasoro ya moyo iliyoonekana alipopimwa kabla ya kusaini ku klabu mpya. Sonny Colbrelli, Mwitalia wa mashindano ya kinga, alishinda Paris-Roubaix tarehe 3 Oktoba 2021. Ni njia ya kilometa zaidi ya 250, sehemu yake ikiwa juu ya mawe. Tarehe 21 Machi 2022, alipomaliza siku ya kwanza ya mashindano ya Katalunya huko Hispania, alianguka na moyo ukasimama. Wakamwokoa, wakamwekea chini ya ngozi kifaa kidogo kinachoshtua moyo ukipotea njia. Kwao Italia, sheria haimruhusu mtu mwenye kifaa hicho kushindana ku michezo ya namna ile. Mwezi wa Novemba mwaka ule akatangaza kwamba anaacha, na miaka yake 32.

Italia ni inchi kali kwa jambo hili. Tangu mwaka wa 1982, mwanamichezo wa mashindano anapaswa kupimwa, na umeme wa moyo wake kuandikwa kwa masini, kabla ya kupewa ruhusa.

Kuko pia wale wasiokubali. Raphael Dwamena wa Ghana alikuwa mshambuliaji. Mwaka wa 2017 Brighton ya Uingereza ilitaka kumnunua, lakini mambo yakaharibika alipopimwa moyo. Aliendelea kucheza ku inchi zingine. Mwaka wa 2020 aliwekewa kifaa cha kushtua moyo, na baadaye akataka kitolewe, kikatolewa. Tarehe 11 Novemba 2023, wakati wa mechi huko Albania, alianguka na akafa. Alikuwa na miaka 28. Hakuna haja ya kumlaumu. Mtu anayepima kama ataishi bila kitu kilichomlea, anabeba mzigo ambao watazamaji hawauoni.

Hapa kwetu, mchezo na kazi ni ndugu

Mulongo iko kando ya Lualaba. Mbio zetu si za uwanja tu. Kijana anacheza mupira mangaribi, na asubuhi anapakia kinga magunia ao bidoni za mafuta ya ngazi, anaisukuma kwenye mchanga kilometa nyingi. Mwingine anapiga kafi toka alfajiri akifuata nyavu. Wakati wa vakansi, mashindano ya mitaa yanajaza uwanja, na kila mtoto anajiona siku moja amevaa nyeusi na nyeupe ya Mazembe.

Kwa hiyo kumwambia kijana wa hapa aache nguvu, ni kumwambia maneno mawili kwa mara moja: acha furaha yako, na acha mkate wako. Muamba alikuwa na klabu, na waganga waliomzunguka. Msukuma kinga ana miguu yake tu. Njo sababu anaficha. Anasikia moyo unaruka, anakaa kidogo chini ya mti, anaendelea. Kichwa kinazunguka, anasema ni njaa. Anaanguka uwanjani, wenzake wanasema ekipe ingine imemtupia kitu, ni bulozi. Jamaa inatafuta adui mahali pa kutafuta munganga.

Alama hizi hazitakiwi kufichwa:

Kuzimia wakati wa kukimbia ao mara tu nyuma yake. Hii ni kubwa kuliko zote. Mtu aliyezimia akiwa amesimama kwenye jua muda mrefu ni jambo moja. Aliyezimia katikati ya mbio ni jambo lingine, na asirudi uwanjani mpaka apimwe.

Kifua kubana ao kuuma wakati wa nguvu, na kutulia akipumzika.

Moyo kwenda mbio ghafla ao kupiga bila mpango, bila sababu.

Kukosa pumzi kwa kazi ambayo wenzake wa miaka yake wanaifanya bila shida, kushindwa kulala chali usiku, ao miguu kuvimba.

Mtu wa jamaa, baba, mama ao ndugu, aliyekufa ghafla akiwa bado kijana.

Mwenye alama moja kati ya hizi aende hospitali na aseme wazi: nilizimia nikikimbia. Munganga ao muuguzi mwenye sikio zuri anaweza kusikia sauti ya mlango usiofunga vizuri kwa kifaa chake cha shingoni tu. Nyuma yake kuko kuandika umeme wa moyo, na kuko ekografi ya moyo, inayoonyesha nyama na milango ikitembea. Masini hizo hazipatikani kila pahali, na waganga wa moyo wanapatikana zaidi ku miji mikubwa kama Lubumbashi na Kinshasa. Safari ni ndefu na ni ghali. Lakini safari ile inaanza na neno moja lililoandikwa na munganga wa karibu, na huyo hawezi kuandika kitu ambacho kijana hakumwambia.

Tena kupimwa hakumalizi yote. Kuko mioyo inayopita kipimo leo na kuleta shida kesho. Kwa hiyo alama mpya ikitokea, mtu asiseme walisha kunipima, mimi ni mzima. Arudi.

Kuacha bila kupotea

Wanaoacha mchezo juu ya moyo wanapoteza vitu vingi siku moja. Wanapoteza wenzao, maana urafiki mwingi ulikuwa njiani na uwanjani. Wanapoteza jina: yule aliyeitwa mashine, sasa anaitwa mgonjwa. Wanapoteza pia imani kwa mwili wao. Usiku mtu anaweka mkono kifuani, anahesabu. Kuko wanaokuwa na hasira, na wanaokwenda kukimbia kwa siri kusudi waone kama munganga alidanganya.

Muamba hakukaa tu. Alisoma uandishi wa habari za michezo ku Chuo Kikuu cha Staffordshire, akamaliza mwaka wa 2015, na amefanya kazi ya kufundisha vijana mupira. Amesimama pia mbele ya watu wengi kuomba masini za kushtua moyo ziwekwe ku viwanja na mahali pa watu. Hakurudi katikati ya uwanja, lakini hakutoka katika mupira.

Kwa kijana wa Mulongo, njia inaweza kuwa ileile kwa udogo wake. Ekipe ina lazima ya mtu wa kufundisha watoto, wa kuchezesha mechi za wadogo, wa kuandika majina, wa kutunza mipira. Kocha anayemwambia mchezaji wake mgonjwa "kaa hapa kando yangu" anamfanyia kazi kubwa kuliko anayemsahau. Na jamaa, wakisikia munganga amekataza kinga nzito, wasimwite mvivu. Wakae pamoja watafute kazi ya mikono ao biashara ya kukaa: kutengeneza kinga za wengine, kushona, kuuza samaki aliovua ndugu. Kazi ile ipatikane mapema, maana njaa njo itakayomrudisha njiani.

Tena kuacha mbio si kila mara kuacha kutembea. Wagonjwa wengi wa moyo wanaruhusiwa mwendo wa polepole, hata wanashauriwa kuufanya. Kila mtu aulize munganga wake mpaka wapi: nitembee muda gani, nibebe uzito gani, nisimame nikisikia nini. Swali la namna hiyo linampa mtu mpaka anaoujua, na mpaka unaojulikana ni afazali kuliko woga usio na mwisho.

Mtu akianguka uwanjani

Muamba aliokolewa na watu waliokandamiza kifua chake bila kuchelewa. Hiyo sehemu haiombi masini, inaomba mikono.

Mtu akianguka bila kuguswa, usifikiri kwanza kifafa. Moyo uliosimama unaweza kuleta mtetemo wa mwili kwa muda mfupi. Mwite, mtingishe bega. Kama hajibu na hapumui kama kawaida, ujue ni moyo. Kukoroma kwa mbali-mbali si kupumua. Usimmwagie maji, usimpe kitu cha kunywa, usimkalishe.

Mlaze chali pahali pagumu. Piga magoti kando yake. Weka kiganja cha mkono mmoja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, nyoosha viwiko. Kandamiza kwa nguvu, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, kisha kiachie kipande chenyewe. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika moja. Ukichoka, mwingine apokee palepale. Mwingine akimbie kuita watu wa hospitali na kutafuta moto ao gari. Kila dakika inayopita bila kukandamiza inapunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

Ekipe nzima inaweza kujifunza hayo kwa saa moja, kwa kukandamiza gunia la mchanga. Na kabla ya mashindano ya vakansi, kocha anaweza kuuliza kila mchezaji pembeni, mmoja mmoja, maswali matatu: ulisha kuzimia ukikimbia? Kifua chako kinauma ukikimbia? Kwenu kuko mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Hayaombi hata faranga. Ila mchezaji anayejibu ndiyo akipoteza nafasi yake na kuchekwa, mwaka unaofuata wote watajibu hapana.